Madaktari chipukizi wasikimbilie ubingwa

WAHENGA walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Methali hii imenijia akilini mara nyingi tangu likizo ya Desemba iliyopita, wakati mpwa wangu aliponitembelea nyumbani Mombasa akiwa na bahasha ya kaki mkononi. "Shikamoo, mjomba," aliniamkia, na kabla hata kahawa haijamiminwa alikuwa amekwisha kuifungua bahasha ile na kuniwekea mezani fomu ya kuomba nafasi ya masomo ya uzamili katika upasuaji. Alitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza. Mwaka wake wa uanagenzi ulikuwa umemalizika wiki sita tu zilizotangulia.

Nilimuuliza swali moja: kwa nini upasuaji? Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Baba anasema huko ndiko kuliko na heshima, mjomba." Nikamuuliza iwapo amewahi kubaki katika chumba cha upasuaji baada ya zamu yake kwisha, bila kulazimishwa na mtu. Akatabasamu na kuinamisha kichwa. Barua ile sikuiandika siku hiyo, na kwa sababu hiyo shemeji yangu, ambaye ndiye babake, hajanipigia simu hadi leo.

Sikusudii kuleta magomvi ya ukoo katika ukurasa huu. Hata hivyo, nimetambua kwamba kisa hiki si cha nyumba yetu pekee. Kila mwaka vijana wetu huhitimu udaktari na kuvaa koti jeupe kwa fahari, na kabla wino wa vyeti vyao haujakauka huanza kuulizwa na jamaa na majirani: utakuwa daktari wa nini? Ni swali ambalo wengi wao hulijibu kabla ya kupata la kujibia.

Tuangalie jinsi mambo yalivyo. Kijana husoma chuoni kwa muda wa miaka sita. Kisha hutumwa hospitalini kuwa daktari mwanagenzi kwa mwaka mmoja, mwaka ambao kwa kawaida hugawanywa baina ya magonjwa ya ndani, upasuaji, magonjwa ya watoto na uzazi. Kila idara humpata kwa takriban miezi mitatu. Katika miezi hiyo mwanagenzi huandika faili, hutoa damu, hukimbia maabara kufuata majibu, na hulala pale usingizi unapomkuta. Anajifunza mengi, lakini nafasi ya kujiuliza kama anaweza kuifanya kazi ile kwa miaka thelathini ni haba mno. Fauka ya hayo, ziko fani ambazo pengine huzipitia kwa wiki chache tu tangu aanze masomo: magonjwa ya akili, nusukaputi, macho, ngozi, usomaji wa picha za mionzi, patholojia na afya ya jamii. Je, mtu atachaguaje asichokionja?

Matokeo yake ni kwamba wengi huongozwa na mambo mengine. Wapo wanaofuata fedha, kwa kuwa wamesikia kwamba bingwa wa fani fulani hujenga nyumba upesi. Wapo wanaofuata sifa. Wapo wanaotii amri ya wazazi. Na wapo, tena wengi, wanaofuata mwalimu mmoja aliyewapendeza darasani, au kuikimbia fani nzima kwa sababu mwalimu mmoja aliwafokea mbele ya wagonjwa.

Nayasema haya bila ya kumcheka mtu, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwao. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilijiunga na masomo ya upasuaji nikiwa kijana niliyejaa majivuno. Nilipenda namna watu walivyopisha njia mpasuaji alipopita. Mikono yangu haikuwa na kasoro, walimu waliisifu. Mwaka wa kwanza ukapita, na wa pili ukaingia.

Ndipo alipoletwa mzee mmoja, mkwezi wa minazi, ambaye jeraha la mguuni lilikuwa limeoza kwa ajili ya kisukari. Hapakuwa na njia ila kuukata mguu. Nilimsaidia mwalimu wangu katika kazi hiyo, na kazi ikaenda vizuri. Kesho yake asubuhi nilipopita kitandani kwake kwa haraka, mzee aliniuliza: "Sasa nitakwea kwa mguu upi, daktari?" Sikuwa na jibu. Nilitazama kidonda, nikaandika kwenye faili kwamba hali yake inaridhisha, nikaenda kwa mgonjwa wa pili.

Jioni yake nilirudi wadini kuchukua kitabu nilichokisahau. Nikamkuta mwalimu wangu, mtu aliyekuwa amesimama katika chumba cha upasuaji tangu alfajiri, ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha yule mzee. Walikuwa wakizungumza kuhusu wanawe, na yupi kati yao angeweza kushika kazi ya minazi, na mahali panapotengenezwa miguu ya bandia. Mwalimu alimwita kwa jina. Mimi nilikuwa nimeushika mguu wa mtu huyo kwa mikono yangu miwili na jina lake sikulijua.

Msomaji asije akadhani kwamba naulaumu upasuaji. La hasha! Kasoro ilikuwa yangu. Mwalimu wangu aliipenda kazi yake yote, pamoja na saa ile ya jioni isiyokuwa na shahidi wala shukrani. Mimi niliipenda sifa yake tu. Baada ya miezi michache niliacha masomo. Nilikuwa nimepoteza karibu miaka miwili, na jambo linaloniuma zaidi ni kwamba nafasi ile niliyoiacha ingaliweza kupewa kijana mwingine aliyeitamani kwa dhati.

Nilipelekwa katika hospitali moja ya mashambani, ambako nilikabidhiwa wadi ya watoto kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. Malaria ilikuwa imekithiri. Watoto waliletwa jioni wakiwa weupe kama karatasi kwa kuishiwa na damu, na alfajiri tulikuwa tukifunika miili. Nilidhani ni ukali wa maradhi. Muuguzi mkuu wa wadi, mama mtu mzima aliyekuwa na uzoefu mrefu kuniliko, aliniambia: "Daktari, usihesabu maiti peke yake. Hesabu na saa."

Tukachukua rejista ya wadi na daftari la shule la kurasa tisini na sita, tukaanza kuandika: mtoto aliingia saa ngapi, damu iliagizwa saa ngapi, ilifika saa ngapi. Hatukuwa na kompyuta wala fedha za mradi. Baada ya miezi kadhaa ukweli ulijitokeza wenyewe. Wengi wa watoto waliofariki walikufa kabla ya saa ishirini na nne kupita tangu kufikishwa kwetu, na waliofika baada ya magharibi ndio walioumia zaidi, kwani mtu wa maabara alikaa mbali na ufunguo wa maabara alikwenda nao nyumbani. Tulipeleka daftari lile kwa wakubwa. Haikuwa rahisi, maneno yalisemwa, lakini mwishowe mtu wa zamu ya usiku alipewa chumba ndani ya ua wa hospitali. Watoto hawakuacha kufa, ila usiku wa kungojea damu ulipungua.

Daftari lile ndilo lililonichagulia ubingwa. Nilifahamu kwamba ningeweza kuikesha kazi hiyo maisha yangu yote, na kwamba hata siku mbaya kupita zote katika wadi ile nilitamani kurudi kesho yake. Nilijiunga na masomo ya magonjwa ya watoto nikijua niendako, wala sijajuta.

Kwa nini basi nasisitiza utafiti pamoja na uzoefu wa wadini? Ni kwa sababu uzoefu bila ya uchunguzi waweza kumfundisha mtu kosa lile lile kwa miaka ishirini. Kwa muda mrefu sisi madaktari wa watoto tulifundishwa kwamba mtoto aliyefikishwa na homa kali, viungo vimekuwa baridi na damu haizunguki vyema, atundikiwe dripu na kumiminiwa maji kwa kasi. Nami nimeyamimina mara zisizo na idadi. Kisha watafiti walioongozwa na Kathryn Maitland, ambaye makao ya kazi yake yalikuwa Kilifi, wakaijaribu desturi hiyo miongoni mwa watoto 3,141 katika Kenya, Uganda na Tanzania, bila ya kuwahusisha wale wenye maradhi ya kuhara. Matokeo yalichapishwa mwaka wa 2011. Katika kila watoto 100 waliomiminiwa maji kwa kasi, 10 au 11 hivi walifariki katika saa 48 za kwanza. Miongoni mwa wale ambao hawakumiminiwa, waliofariki ni 7 hivi. Siku niliposoma taarifa ile nilifunga mlango wa ofisi yangu nikakaa kimya. Daktari aliyewahi kushika daftari la hesabu huweza kuipokea habari kama hiyo na kubadilika. Asiyewahi huikasirikia.

Yapo pia mafanikio ya kutia moyo. Huko huko Kilifi, ambako Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya, KEMRI, na wenzake wa Wellcome Trust walianza kazi pamoja mwaka wa 1989, vyandarua vilivyotiwa dawa vilijaribiwa vijijini. Matokeo yaliyotolewa mwaka wa 1996 yalionyesha kwamba vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilipungua kwa thuluthi moja hivi. Hapakuwa na kisu wala mashine kubwa katika kazi hiyo. Palikuwa na watu waliohesabu kwa uaminifu.

Na ikiwa yuko anayedhani kwamba utafiti ni kazi ya wale wasiopenda kugusa wagonjwa, na amkumbuke Denis Burkitt. Huyu alikuwa mwananchi wa Ireland aliyeanza chuoni kwa kusomea uhandisi kabla ya kugeukia udaktari, na aliyekuwa amepoteza jicho moja tangu utotoni. Alikuwa mpasuaji wa kawaida katika hospitali ya Mulago, Kampala, wakati mwaka wa 1957 alipoitwa kumtazama mtoto aliyevimba mataya pande zote. Baada ya muda mfupi, akiwa Jinja, aliona mtoto mwingine mwenye uvimbe kama huo. Wapasuaji wangapi wangaliandika faili na kwenda zao? Burkitt aliuliza. Mwaka wa 1958 aliuandika ugonjwa huo, na mwaka wa 1961 yeye na wenzake wawili wakafunga safari ya gari ya takriban kilomita 16,000 kuelekea kusini mwa bara letu, wakiuliza katika kila hospitali waliyoipitia kama uvimbe ule unaonekana huko. Waligundua kwamba unapatikana zaidi penye joto na mvua. Kutokana na kazi yake, wanasayansi wa London walikuja kugundua mwaka wa 1964 virusi vinavyohusika na saratani hiyo. Yote hayo yalianzia kitandani kwa mtoto mmoja.

Baada ya kusema hayo, nawapa vijana nasaha chache ambazo mimi nilizipata kwa gharama kubwa.

Kwanza, baada ya uanagenzi, fanya kazi ya udaktari wa kawaida kwa muda usiopungua mwaka mmoja, ikiwezekana miwili, katika hospitali yenye upungufu wa mikono. Huko utashika yote: utamzalisha mama usiku, utafunga mfupa asubuhi, na mchana utaketi na mtu aliyekata tamaa ya maisha. Kazi itakayokuchosha mwili bila ya kukuchosha moyo itajitambulisha.

Pili, ukitaka kuijua fani, usimtazame bingwa wake siku anaposhangiliwa. Mtazame saa kumi za usiku. Mtazame anapowaeleza jamaa kwamba mgonjwa wao hatapona. Muulize aliyekwisha kutimiza miaka hamsini ni jambo gani humfanya aamke. Waulize pia wauguzi na matabibu, kwa sababu wao huwaona mabingwa wote na hawadanganyiki upesi.

Tatu, tafuta swali dogo katika wadi yako. Usianze na saratani ya dunia nzima. Anza na rejista: ni nani wanaochelewa, ni dawa gani inayokwisha kila mwezi, ni akina mama gani wasiorudi kliniki. Tafuta mtu mzoefu akuongoze, na upate kibali cha kamati ya maadili kabla ya kugusa habari za mgonjwa. Utafiti rasmi unahitaji pia leseni ya NACOSTI. Masomo ya uzamili yatakudai tasnifu hata hivyo. Wanaoanza kutafuta swali wakiwa na tarehe ya mwisho shingoni huishia kuandika jambo wasilolijali, nalo huwekwa kabatini likaliwa na vumbi.

Nne, na hili nalisema kwa ukali kidogo: usitafute utafiti ili jina lako lichapishwe tu. Mgonjwa anayekupa damu yake na wakati wake si ngazi ya kupandia.

Mpwa wangu, ambaye si mtu wa kukubali jambo kwa kuwa limesemwa na mkubwa, alinijibu papo hapo. "Mjomba," akasema, "wewe ulisoma wakati kazi zilikuwa zikiwangoja madaktari. Sisi ndio tunaozingoja. Nami ni mwanamke. Nikingoja miaka miwili, kisha nisome mitano, nitazaa lini?"

Ni maneno ya haki, na singependa kuyapita kama mtu asiyesikia. Ni kweli kwamba siku hizi kuna madaktari waliohitimu ambao hawana ajira ilhali wadi hazina madaktari. Ni kweli kwamba mwaka wa 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na malipo ya wanagenzi yalikuwa miongoni mwa mambo yaliyozozaniwa sana. Ni kweli kwamba masomo ya uzamili huchukua miaka isiyopungua mitatu, na katika upasuaji huenda ikafika mitano. Na wahenga hao hao walisema kwamba mchagua nazi hupata koroma. Anayengoja sana huenda akaikuta nafasi imechukuliwa.

Jibu langu ni kwamba kungoja kuna gharama, lakini kukosea kuna gharama kubwa zaidi. Anayejijua, aliyeipenda fani moja tangu mwaka wa tatu wa masomo na kuijaribu katika siku zake mbaya, na aende mara moja. Huyo makala haya hayamhusu. Aidha, si lazima mtu aache kazi ili asome. Chuo cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, kilichoanzishwa mwaka wa 1999, huwafunza wapasuaji wakiwa katika hospitali zinazotoa huduma, hatua kwa hatua. Lakini anayechagua ili kumridhisha baba, au kwa kuogopa kuachwa nyuma na wenzake, namsihi asimame kidogo.

Aidha, lawama haiwezi kuwaangukia vijana peke yao. Tangu huduma za afya zilipokabidhiwa serikali za kaunti mwaka wa 2013, kaunti ndizo zinazoajiri madaktari wengi wa umma. Ni wajibu wao kutenga nafasi za madaktari wa kawaida zenye mshahara, na kuwaruhusu kwenda masomoni pindi wanapojua wanachokitaka. Hospitali zetu za rufaa na taasisi za utafiti nazo zingefanya jambo la maana kwa kufungua nafasi za mwaka mmoja kwa vijana wanaotaka kujifunza uchunguzi, nafasi za malipo. Kumwomba kijana wa maskini afanye kazi bure kwa jina la kujitolea ni kuuachia ubingwa watoto wa matajiri, kwa kuwa hao ndio walio na wa kuwalisha.

Nanyi wazazi, kunradhi nikiwaingilia. Najua mmeuza ng'ombe, mmekopa, mmefunga mikanda ili mtoto awe daktari. Shemeji yangu aliuza kipande cha shamba, wala sijasahau. Lakini mtoto akishakuwa daktari, atakayezinduliwa usiku ni yeye, na atakayemtazama mgonjwa machoni ni yeye. Kitanda usichokilalia huwezi kuwajua kunguni wake. Mwacheni achague kitanda chake.

Nimalizie kwa kisa cha mpwa wangu. Fomu ile aliirudisha katika bahasha, akaenda zake amenuna. Mwezi wa Machi alipata mkataba katika hospitali ya kaunti moja huku Pwani. Wiki jana alinipigia simu usiku, sauti imemkauka kwa uchovu. Alikuwa ametoka kumsaidia mpasuaji kwa kijana wa bodaboda aliyepasuka bandama. Aliniambia jina la kijana huyo, akaniambia ana mke na mtoto wa miezi minne, na kwamba alikuwa amerudi wadini kuketi na mke huyo hadi dawa ya usingizi ilipomtoka mgonjwa. Pia ameanza kuandika katika daftari muda ambao majeruhi wa bodaboda huchukua kabla ya kufika hospitalini.

"Bado ni upasuaji, mjomba," akasema. "Lakini sasa ni mimi ninayesema, si baba."

Barua yake nimeianza. Tarehe nimeiacha wazi, aijaze atakapokuwa tayari. Na iwapo shemeji yangu angali akiusoma ukurasa huu kila wiki kama ilivyokuwa desturi yake, namwomba anipigie simu. Kahawa iko tayari.